Stahimili ni Neno la Mahamali

Vijana wa boti za Shela, hapa kisiwani Lamu, hupenda kuandika ubavuni mwa vyombo vyao. Mmoja kaandika jina la mamake, mwingine jina la timu ya mpira ya Uingereza, na mmoja, mwenye boti ya injini ya rangi ya samawati, kaandika NGANGARI kwa herufi zinazosomeka tangu ukuta wa bahari. Nilipomuuliza maana yake alikunja mkono akanionyesha msuli. Ni jawabu zuri, na sikuhitaji jingine. Neno hilo sisi lilitufikia kwa redio, wakati wa siasa za Tanzania za mwaka 2000, wafuasi wa upinzani walipojitapa kuwa wao ni ngangari na upande wa serikali ukawarudishia kwamba wao nao ni ngunguri. Siasa zile zimepita, ngunguri limesahaulika, lakini ngangari limebaki, na huku kwetu limepata kazi mpya baharini.

Sina ugomvi nalo. Ila limenifanya niyatazame maneno mengine tunayomsifia mtu mgumu, na nikaona mengi yameanzia kwenye kitu kilichokauka. Mkakamavu katoka katika kukakamaa, na mguu ulioshikwa usiku wa manane ukawa hauendi wala haurudi ndio uliokakamaa. Shupavu katoka katika kushupaa, na mtoto anayeshupaza shingo mbele ya wakubwa hakuna anayempigia makofi. Sugu ndilo la wazi kuliko yote: ni ile ngozi nene inayoota mahali panaposuguliwa kila siku, na kutoka hapo tukapata mhalifu sugu, malaria sugu na mdaiwa sugu, ambaye mimi kwa biashara yangu namjua vizuri sana.

Biashara yangu ni duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Langoni. Nauza simiti, misumari, rangi na mabomba. Kabla ya kuiuza simiti niliibeba, na neno la ugumu ninalolishika mimi si lolote kati ya hayo. Ni stahimili. Nilikutana nalo begani kabla ya kukutana nalo kitabuni.

Asiyeijua Lamu lazima nimweleze kwanza mizigo inavyoingia. Mji wa kale, ule ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana inabidi mmoja ajibane ukutani. Kinachoingia humo, kuanzia jokofu hadi jeneza, kinaingia kwa punda au kwa binadamu. Bidhaa hutoka Mombasa kwa lori hadi jeti ya Mokowe, huko bara, kisha huvushwa kwa chombo. Mawe ya kujengea yanatoka ng'ambo, kisiwani Manda. Na kutoka kwenye chombo hadi nchi kavu, mwenye kazi ni hamali.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa mmoja wao. Nilipokuwa sekondari nilimfuata wakati wa likizo, nipate pesa ya viatu. Mwanzoni hakuniruhusu kubeba kitu. Alinikalisha juu ya ukuta nitazame tu, na nilichokiona nitakisimulia polepole kwa sababu watu wengi hudhani kubeba ni nguvu basi.

Gunia tupu hukunjwa, pembe yake moja ikasukumwa ndani ya pembe ya pili, likawa kofia ndefu inayofunika kichwa, shingo na mgongo. Si urembo. Simiti ikichanganyika na jasho huchoma ngozi, na asiyevaa gunia, usiku hulala kifudifudi. Hamali husogea akakipa chombo mgongo, akachutama kidogo, na wenzake wawili walio ndani humtwika. Mfuko wa kilo 50 hautupwi begani. Unashushwa, unagusa, unasimama kidogo ukitafuta mahali pake, na hapo wanaotwika husema "Haya?" Ukiitikia "Haya," wanaachia. Usipoitikia hawaachii, hata kama mikono yao inatetemeka. Kisha unakuja ubao. Ni ubao mmoja, upana wake shubiri mbili hivi, kichwa kimoja kwenye chombo na kingine kwenye ngazi za ukuta, na bahari iliyo chini yake haina adabu. Chombo kikipanda na kushuka, ubao unapinda katikati na kukurusha juu. Maji yakipwa unaupanda kama mlima. Maji ya bamvua yakijaa unakwenda sawa, pengine unateremka. Kusi ikivuma, hata wazee husoma kitu midomoni kabla ya kukanyaga.

Kulikuwa na mvulana wa rika langu mwenye kifua na mikono ya kutamanisha. Alipanda ubao ule amejikaza kila kiungo: goti limenyooka, shingo imesimama, meno yameumana. Ubao ulipopinda yeye hakupinda. Mfuko ukaenda upande wake na yeye upande wake, wote wawili baharini, na thamani ya simiti ile ikakatwa kwenye ujira wa kundi zima. Ami alikuwa nyuma yake na hakucheka. Aliponifikia pale ukutani aliniambia, "Usikakamae, mwanangu. Wewe mtukuzi, si boriti. Goti na lisikize ubao."

Mtukuzi ni mchukuzi. Sisi Waamu mahali ambapo wengine wana ch mara nyingi tuna t: macho ni mato, chini ni tini, kuchukua ni kutukua. Na ukakamavu, sifa ambayo shuleni tuliandikiwa kwenye cheti cha michezo, pale ukutani ulikuwa kosa la kazi. Mahamali hawakuwa na neno ngangari wala hawakulihitaji. Mtu waliyemwamini walimsifu kwa neno moja tu: "Huyo atukua." Mzigo wa kuogofya, tuseme jenereta au mlango wa mbao wa kuchongwa, hawakumpa mwenye kifua. Walimpa anayetukua, na mara nyingi alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu ambaye barabarani usingemtazama mara mbili.

Nakumbuka bega la kulia la ami. Lilikuwa na sugu pana ya mviringo, nyeusi kuliko ngozi iliyoizunguka, inang'aa, na ukiigusa ilikuwa laini kwa juu, ngumu kwa ndani. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo nguvu yake. Akakataa. Sugu haihisi kitu, alisema, na pasipohisi ndipo mzigo unapoteleza mwenyewe usijue. Tangu hapo nikawa nazingatia: kila akitwikwa aliusogeza mfuko kidogo kuelekea shingoni, nje ya ile sugu, apate kuusikia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo begani. Neno lenyewe nilifunguliwa chuoni, yaani chuo cha Kurani, si chuo kikuu. Watoto wote wa hapa huanza na sura fupi za mwisho, na katika Tabbat mke wa Abu Lahab anaitwa hammaalatal hatwab, mbeba kuni. Kila mwaka kuna watoto wanaofika hapo wakacheka, na sisi tulicheka. Mwalimu wetu hakushika bakora. Alituuliza tumecheka nini. Tukamwambia, maalim, huyu mwanamke ni hamali. Akasema naam, ni yeye yule. Akaandika herufi tatu ubaoni: ha, mim, lam, ile ha ya kooni ambayo Kiswahili kimeilegeza. Akatuambia kila tutakapozikuta hizo tatu pamoja, tutafute mzigo.

Ukianza kuutafuta huupati mwisho. Hamali ndiye huyo, na kule Mombasa hata mkokoteni wake huitwa hamali. Himila ni mzigo alio nao mama mjamzito. Bibi zetu bado husema fulani ana himila pale ambapo redio ingesema ujauzito. Mhimili ni nguzo au mti unaobeba dari, na siku hizi kila msoma habari wa Kenya anatutajia mihimili mitatu ya dola, Bunge, Mahakama na Serikali Kuu, wala hakumbuki kwamba kwa asili anasema kuna kitu kizito juu na kuna watatu wanaokibeba. Himili ni kubeba. Stahimili ni neno hilohilo lililoongezewa ista- ya Kiarabu mbele, ileile iliyotupa starehe, staajabu na stahiki. Waarabu wenyewe leo wakitaka kutaja uvumilivu husema tahammul, ambalo ni la ukoo huohuo. Mwenye kustahimili, basi, ni mwenye kubeba. Hakuna popote katika ukoo mzima palipotajwa ukavu wala ugumu.

Nisije nikaonekana nasema tumeazima ustahimilivu wenyewe kwa wageni. Kuchukua ni neno letu la Kibantu kabisa, na lenyewe limepita njia hiyohiyo bila kuongozwa na mtu. Mchukuzi anabeba mizigo, na serikalini kuna Wizara ya Uchukuzi. Mwanamke anachukua mimba. Na ndoa ikifungwa, wazee wakishamaliza mambo ya mahari na vyakula, humgeukia bwana harusi na baadaye bibi harusi wakawaambia: mchukuliane. Majahazi ya Arabuni yalipoleta neno lao, lilikuta wenyeji tayari wanafikiri hivyo.

Maalim alitupa pia aya moja ambayo nimekaa nayo maisha yangu yote. Ni ya 72 katika Surat al-Ahzab. Amana ilipelekwa kwa mbingu, kwa ardhi na kwa milima. Vyote vikakataa kuibeba, vikaiogopa, mwanadamu akaibeba. Kitenzi cha kubeba hapo ni chetu kilekile cha ha, mim, lam. Mimi huwa nasimama kwenye milima. Ukitafuta kitu ngangari hapa duniani huupiti mlima, na mlima ulikataa. Kabeba huyu mwenye goti linalopinda. Maalim hakuturuhusu kuishia hapo tukajisifu, maana aya inamaliza kwa kumwita mwanadamu huyohuyo dhalimu na mjinga mno. Kubeba hakumfanyi mtu kuwa walii.

Tena kuna mwisho wa Surat al-Baqara, maneno ambayo nyumba nyingi za Lamu huyasoma kabla ya kulala: wala tuhammilnaa maa laa twaaqata lanaa bih. Usitutwike tusichokiweza. Niliyasoma miaka mingi kwa haraka ya usingizi kabla sijayasikia. Sisi tuliofundishwa kwamba mtu wa kweli hasemi imetosha, kila usiku tunasema imetosha, tena kwa Mwenyezi Mungu. Stahimili ina kipimo ndani yake, na ngangari haina.

Punda wanakijua kipimo hicho kuliko sisi. Punda wa Lamu hupakiwa kwa shogi, pande mbili sawa, na mwenye kumpakia vibaya humjeruhi mgongo. Akizidishiwa, hulala palepale njiani, na hakuna hotuba itakayomwinua. Wana zahanati yao hapa mjini tangu 1987, ilipofunguliwa na shirika la Uingereza la kuwatunza punda, na nimeona mara nyingi mwenye punda akionywa pale kwa sauti kali kuhusu mzigo na vidonda. Sijaona mwenye duka akionywa kuhusu hamali. Nalisema hili nikiwa mwenye duka.

Sasa nije kwenye linalonikera. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na kaunti yetu yote ikaingia kwenye amri ya kutotoka usiku, ikawa inaongezwa na kuongezwa. Mvuvi wa Lamu anayetegemea usiku alikaa nyumbani. Hoteli za Shela zilifunga milango. Ujenzi ukasimama, na ujenzi ukisimama mahamali wanakaa barazani na mikono yao mapajani. Hakuna aliyebisha kwamba ulinzi ulihitajika. Watu walikuwa wamekufa. Lakini kila mkutano na kila kipaza sauti kilisema kitu kimoja: tunawaomba wananchi mstahimili. Siku moja tumekaa kwenye baraza pale Mkunguni, mbele ya ngome, na mkubwa mmoja anasema hivyohivyo mbele ya watu. Ami, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha kazi, aliinama akaniuliza taratibu, "Huyo asemao, yeye atukuani?"

Anachukua nini? Sijapata swali bora la kumwuliza mtu anayehubiri ustahimilivu. Wazee walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na methali hiyo tunaitumia kama utani wakati ina hukumu ndani yake. Pale ukutani aliyekutwika alisubiri "haya" yako. Yule wa kipaza sauti hasubiri. Stahimili ikitoka kinywani mwa anayebeba ni sifa, na ikitoka kinywani mwa anayetwika, mara nyingi ni amri tu iliyosemwa kwa upole.

Kwenye ndoa ni hivyohivyo. Mwanamke akirudi kwao na jicho limevimba kuna watu watamwambia astahimili, na wengine watamkumbusha kwamba siku ya harusi aliambiwa mchukuliane. Mimi nawajibu kwa sarufi. Wazee hawakusema umchukulie. Walisema mchukuliane, na ile -ana ya mwisho haikuwekwa pale kwa urembo. Mmoja akibeba peke yake na mwenzake akawa ndiye mzigo, neno hilo halipo tena.

Ami alinifundisha pia sehemu ya kazi ambayo mtazamaji haioni, nayo ni kutua. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, mlangoni, na ndani ya daka mna baraza za mawe huku na huku. Mgeni anadhani ni za kukalia tu. Hamali anayepeleka mfuko Mkomani, juu kabisa kule karibu na misikiti ya mlimani, anazijua kwa urefu wake. Baraza iliyo sawa na nyonga ni ya thamani kubwa, kwa sababu unaweza kuupumzisha mfuko bila kuinama na kuuchukua tena bila kumwita mtu wa kukutwika. Baraza fupi ni mtego: ukitua hapo umejifunga. Ami alikuwa na ramani ya mji kichwani ambayo haikuwa na majina ya watu wala ya mitaa, ilikuwa ya baraza. Kwa fulani tunatua, kwa fulani tunapita. Kuna bibi mmoja alikuwa anaondoa mkeka wake kila akisikia miguu yetu, tusije tukauchafua, na tukitua analeta maji. Sikumbuki alikuwa na sura gani kwa sababu kofia ya gunia hukuonyesha miguu tu.

Vijana tulijivuna kufika bila kutua. Ami hakutukataza, ila ujira wa siku alikuwa anauhesabu jioni, na jioni aliyekuwa hatui alikuwa na mifuko michache kuliko yeye. Kutoka kwenye tua tumepata tulia, na kutoka hapo mtulivu. Namuona mtulivu kuwa mtu aliyejua mahali pa kuweka mzigo wake chini, si mtu asiye na mzigo.

Na bado sijalifikia neno la mwisho la kazi ile, ambalo ndilo lililonisaidia ukubwani kuliko mengine yote. Ni pokea. Safari ikiwa ndefu, watu walijipanga njiani, na aliyechoka hakutua chini; alisema "Nipokee," mwenzake akaingiza bega lake chini ya mfuko kabla la kwanza halijatoka. Katika nyumba zetu mgeni akibisha hodi na begi lake, mtoto hutumwa akampokee, na maana yake ya kwanza ni kwamba mkono wa mgeni usibaki na kitu. Tumeliandika neno hilo kwenye milango ya hoteli na ofisi, mapokezi, na mara nyingi nimesimama mbele ya meza hiyo na begi zangu mbili mikononi.

Baba alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulimwacha, na ulimi ukawa mzito. Dada yetu mkubwa alihamia nyumbani siku ileile, na baada ya hapo jamaa wote wakawa na kazi moja: kumsifu. Kila anayekuja kumwangalia mgonjwa alitoka akisema mashallah, dada yenu ni mstahimilivu kwelikweli. Mashangazi walisema, majirani walisema, mimi nilisema. Kadiri tulivyomsifu ndivyo tulivyozidi kuwa na haki ya kurudi makwetu kulala. Hata sasa mtu akisifiwa sana kwa ustahimilivu huwa natazama ni akina nani wanaosifu na mikono yao imeshika nini.

Dada si mtu wa kulalamika. Alinipigia simu dukani, nina wateja, akasema neno moja, "Nipokee." Hakulia wala hakueleza. Yeye hajawahi kubeba simiti, lakini ni bintiye mtu wa Lamu, na hakuna namna nyingine ya kusema jambo lile kwa ufupi. Nilifunga duka mchana, jambo ambalo wateja wangu hawakulipenda, nikaenda.

Nilichokuta ni kwamba kumwinua mtu mzima kitandani ni kazi ninayoijua. Dada alikuwa anamvuta kwa mikono, amekaza mgongo, na kiuno chake kilikuwa kinamuuma muda mrefu bila kumwambia mtu. Nikamwonyesha: chutama, ingiza bega chini ya kwapa, mwache akuegemee mpaka uzito upate mahali pake, kisha umuulize. Baba naye anatakiwa ajibu. Siku za kwanza alikuwa hajibu, nadhani kwa aibu ya kubebwa na mwanawe, na tulikuwa tunasubiri wote wawili, tumekumbatiana pale ukingoni mwa kitanda, mpaka aseme. Muuguzi aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo alituambia kusubiri kule kunamfaa, kwa kuwa mgonjwa anayeshiriki kujiinua anajijenga. Tukaendelea.

Tukagawana. Ijumaa hadi Jumapili ni zangu, kwa hivyo duka Ijumaa linafungwa mapema na Jumamosi linashikwa na kijana wangu, ambaye anawakopesha watu nisiowajua. Mdogo wetu aliye Mombasa huja mwisho wa mwezi. Nauli yake ya basi tunamchangia, naye hulalamika kuhusu barabara kila mara ingawa sasa ni ya lami. Shangazi, aliyekuwa bingwa wa mashallah, alipewa Jumatano na akaikubali kwa shingo upande, halafu ikawa ndiye ambaye baba anacheka naye zaidi, maana wanakumbushana ya utotoni na kusutana. Dada amebaki na siku zake, na zikimalizika hachelewi: hwenda Mokowe akapanda gari la Malindi, kwa bintiye, akalala mpaka saa nne za asubuhi. Akirudi hukagua shuka na vidonge kwanza, ndipo atusalimu.